Makaburu walikuwa na jeshi na dhahabu. De Klerk aliachia kwa nini?

Mwl_Kidato4:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha historia kidato cha nne na tumefika Afrika Kusini, pale de Klerk, rais wa mwisho wa makaburu, alipoachia utawala wa ubaguzi. Binti mmoja anayekaa nyuma kauliza: makaburu walikuwa na jeshi lililoogopwa na majirani wote, walikuwa na dhahabu, hata mabomu ya nyuklia walikuwa nayo. Hakuna jeshi lililoingia Pretoria likawatoa. De Klerk aliachia kwa nini? Mwenzake akajibu "vikwazo". Akamkatalia palepale: vikwazo vilikuwepo enzi za Botha, rais aliyemtangulia, mbona Botha hakuachia? Kengele ikalia. Naomba mwenye kulijua hili ashushe nondo, kipindi ni keshokutwa.

Kipanga:
Mwalimu, fedha. Mwaka 1985 mabenki ya nje yalianza kudai mikopo yao, randi ikaporomoka, serikali ikafunga soko la fedha na kusimamisha ulipaji wa madeni. Ongeza vita ya Angola. Novemba 1989 Ukuta wa Berlin ukaanguka, na kile kisingizio cha kupambana na ukomunisti kikafa nao. Huruma haimo hapo.

Mama_Upendo:
Kipanga, ni kweli kabisa, ila swali la binti halijajibiwa. Hesabu hizo hizo Botha alikuwa nazo mezani. Tena Julai 1989 alimwita Mandela ofisini kwake Cape Town kwa siri, akammiminia chai kwa mkono wake. Kabla hawajaingia, mkuu wa ujasusi, Niel Barnard, alipiga magoti kumfunga mfungwa wake kamba za viatu! Chai ikanywewa, Mandela akarudishwa kifungoni.

Mwalimu, mwambie binti atazame de Klerk alikotoka. Baba yake alikuwa waziri wa serikali ya makaburu. Strijdom, waziri mkuu wa miaka ya 1950, alimwoa shangazi yake. Huyu ni mtoto wa nyumbani, na ndiyo maana tarehe 2 Februari 1990 aliposimama bungeni akaviruhusu vyama vilivyokuwa vimepigwa marufuku, ANC, PAC na chama cha kikomunisti, weupe wenzake walishindwa kumwita msaliti aliyetoka nje. Siku tisa baadaye Mandela akatoka gerezani Victor Verster.

Na alikuwa na hesabu zake. Aliamini akianza mazungumzo mapema, bado ana jeshi na hazina mkononi, atapata katiba inayowapa weupe kura ya turufu. Alitaka kufungua mlango nusu. Kwangu jibu la binti ndilo hilo: Botha alingoja, de Klerk akaona kila mwaka wa kungoja unampunguzia cha kujadiliana nacho.

Sehemu ninayompa heshima yake bila kinyongo ni Machi 1992. Chama chake kilikuwa kimetoka kupoteza uchaguzi mdogo wa Potchefstroom kwa wahafidhina waliopinga mageuzi. Angeweza kurudi nyuma. Badala yake akawaita weupe peke yao kwenye kura ya maoni na kuweka kiti chake rehani: wakisema hapana, anajiuzulu. Ndiyo zikawa asilimia 68.7. Kati ya maeneo 15, ni Pietersburg tu lililokataa. Wengi husahau kwamba mfumo ule ulihitaji pia kuvunjwa ndani ya vichwa vya wapiga kura wake, na hiyo kazi Mandela asingeweza kuwafanyia.

Ila mlango haukubaki nusu. Chris Hani, kiongozi wa chama cha kikomunisti, alipouawa Aprili 1993, nchi iko ukingoni, aliyetokea kwenye televisheni kuwatuliza watu ni Mandela, wala hakuwa rais.

Mtu_wa_Kale:
Dada Mama_Upendo, umempaka mafuta. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1993 wanajeshi walivamia nyumba moja Mthatha wakaua vijana watano. Wawili walikuwa na miaka 12. De Klerk ndiye aliyeidhinisha, akidai ni kambi ya wapiganaji. Wiki moja baadaye akatangazwa mshindi wa Nobel ya amani pamoja na Mandela. Na Februari 2020, kwenye televisheni ya Afrika Kusini, bado aligoma kukiri kikamilifu kuwa ubaguzi ule ulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kelele zilipozidi ndipo akaomba radhi.

Mama_Upendo:
Mthatha sikatai, kaka, na haifutiki. Mwalimu, hilo nalo lipeleke darasani, wale watoto walikuwa wadogo kuliko wanafunzi wako. Na kitongoji cha Boipatong pia: watu zaidi ya 40 waliuawa Juni 1992, de Klerk alipokwenda kutoa pole wakazi wakamfukuza.

Mwl_Kidato4:
Asanteni sana. Nitaanza na Botha na ile chai, kisha kura ya 1992, halafu Mthatha. Swali la Nobel nawaachia wao wajadili. Mwenye picha ya karatasi ya kura ile ya maoni aiweke hapa tafadhali.