Mrejesho: chenso yangu baada ya kupanua ekzosi

Wakuu, niliwauliza kama nipanue ekzosi ya chenso yangu (msumeno wa injini) ya cc 60 na kufunga baa, lile bamba refu linalozungukwa na mnyororo, ya inchi 24 badala ya 20. Asanteni, hasa mliokomalia suala la kabureta.

Mdomo wa ekzosi nimeupanua, wavu wa kuzuia cheche nikauacha (moto wa msituni sio utani). Moshi ukitoka kwa wepesi, hewa inazidi petroli, injini inachemka na pistoni inaweza kuliwa. Kwa hiyo nikafungua kidogo kidogo skrubu ya H, ile ya kabureta inayoongeza petroli kwenye resi kubwa. Chenso ikiwa haijagusa mti, resi ya mwisho, inatoa mlio wa kukatakata. Ukiizamisha kwenye gogo mlio unanyooka. Hapo ndipo pa kuiacha. Plagi imetoka ya kahawia, sio nyeupe, yaani petroli inatosha.

Baa ndefu nimeivua. Kwenye mti mgumu mnyororo ulipoteza kasi, na ncha ilipata oili kiduchu. Inchi 20 yenye mnyororo ulionolewa vizuri inakula gogo balaa.

Nilichopenda kuliko vyote ni meno makubwa ya kung'ata gogo pale mbele: unayakita, unainua mkono wa nyuma, msumeno unashuka wenyewe. Kelele imeongezeka, viziba masikio sivui.