Pantoni ya Mkokotoni au ya Fumba?

Kikundi: Wana wa Bi Asha

KHAMIS: Asalaam aleikum nyote. Shikamoo mama, shikamoo mjomba. Nshaziona pantoni zote mbili, zile boti za sakafu bapa juu ya mapipa, tununue moja ya kutembezea wageni. Picha hizo hapo juu. Ya Mkokotoni wanataka milioni 38, ya Fumba milioni 31. Naomba tuamue wiki hii, wageni wa Julai hawako mbali.

ZUWENA: Waaleikum salaam. Hebu eleza vizuri. Pesa za ukoo ninazo mie, lakini mambo ya boti siyajui.

KHAMIS: Sawa dada. Ya Mkokotoni ni futi 22, mapipa mawili ya alumini, mashine Yamaha 60 ya fostroki. Viti vyeupe vipya, turubai la kivuli jipya, na chini imepakwa rangi nyekundu haina hata mkwaruzo. Ya Fumba ni futi 24, mapipa matatu, mashine Yamaha 40 ya tustroki, ya siku nyingi. Sakafu imeoza upande wa tezi, huku nyuma, ukikanyaga inabonyea. Viti vimechanika.

MWAJUMA: Mie huku Wete nimezitazama picha mara mbili. Hiyo ya Fumba mgeni gani ataipanda jamani?

KHAMIS: Ndo nami naegemea ya Mkokotoni.

MAMA: Marahaba mwanangu. Mngojeeni mjomba wenu aseme.

SALUM: Khamis, hiyo ya Mkokotoni haijatoka huku kwetu Mwanza?

KHAMIS: Ndiyo kaka. Mwenyewe kasema ilikuwa Ziwa Victoria, kaileta Unguja mwaka jana.

SALUM: Basi muulize kama alibadilisha vile vipande vya kinga vinavyofungwa chini, viliwe vyenyewe badala ya mapipa. Boti ya maji baridi hufungwa vya magnesiamu. Kwenye chumvi vinayeyuka upesi sana, na vikiisha kinachofuata kuliwa ni mapipa yenyewe. Baharini hufungwa vya zinki, au vya alumini maalumu.

MWAJUMA: Kwa hiyo inaweza kuwa inaliwa na sisi tunaona viti vipya tu?

MJOMBA MAKAME: Waaleikum salaam wanangu. Marahaba Khamis. Nilikuwa msikitini, sasa nimesoma yote. Salum kasema neno kubwa. Mie nataka kujua kuhusu ile rangi nyekundu. Ni rangi gani? Kopo lake umeliona?

KHAMIS: Kopo sikuliona mjomba. Kasema ni ile ya kuzuia uchafu wa baharini usigande, kapaka kabla ya kuishusha majini.

MJOMBA MAKAME: Rangi hizo nyingi sumu yake ni unga wa shaba. Kwenye faiba au mbao haina neno, mashua zetu tunazipaka. Kwenye alumini ni hatari. Shaba na alumini vikikutana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Haichakai sawasawa, inatoboka vitobo vidogo vidogo kama ubao ulioingiliwa na mchwa, juu unaona rangi nzima na chini yake unga mweupe. Zipo rangi za alumini zisizo na shaba, huenda kapaka hiyo. Lakini kama hawezi kuonyesha kopo, na hajui chini kuna magnesiamu au zinki, basi boti hiyo ina mwaka mzima kwenye chumvi na hakuna anayejua hali yake. Khamis, ulipobisha mapipa yalilia vipi?

KHAMIS: Sikuyabisha mjomba. Ilikuwa inaelea.

MJOMBA MAKAME: Ilikaa sawa majini, au ililala upande?

KHAMIS: Subiri nitazame picha.

KHAMIS: Mjomba, pipa la kushoto limezama zaidi nyuma. Si sana. Kama vidole vinne.

SALUM: Ilikuwa tupu hiyo?

KHAMIS: Tupu. Tanki la petroli liko kati.

MJOMBA MAKAME: Basi kuna maji ndani. Pipa zuri limegawanywa vyumba ndani yake, kimoja kikivuja vyengine vinashikilia. Ndo maana haijazama. Vidole vinne kwa boti tupu si kitu cha kupita hivi hivi.

ZUWENA: Subhanallah. Na milioni 38 hiyo.

MWAJUMA: Lakini mjomba, ya Fumba nayo sakafu imeoza. Mtu akitumbukia mguu je?

MJOMBA MAKAME: Swali zuri mama. Sakafu ni plaiwudi, inafunguliwa, inatupwa, inawekwa nyengine. Fundi wawili na siku chache. Viti vile vile. Hata mashine inashushwa ikauzwa ukanunua nyengine. Pipa lililotoboka kwa kuliwa huwezi kuliziba likarudi kama lilivyokuwa. Alumini hailehemiwi kama geti la chuma, inataka gesi ya agoni na mkono uliozoea, na ukichomea kwenye bati lililokonda unafungua tundu jengine pembeni. Nyinyi mnatazama kinachoonekana juu. Mie nanunua mapipa, mengine yote ni nyongeza.

MJOMBA MAKAME: Na mkibadilisha sakafu msikubali mbao zilizotiwa dawa ya shaba zikae juu ya alumini. Ni ubaya ule ule, safari hii unatoka juu.

KHAMIS: Nimekuelewa mjomba. Ya Fumba imekaa kwenye chumvi muda mrefu, na yule mzee mwenyewe alinionyesha zinki alizozitoa, zimelika nusu. Ana na mpya ndani ya boksi. Nikaona kama takataka tu ananionyesha.

SALUM: Hiyo ndiyo habari njema ya leo! Zinki iliyolika inamaanisha imefanya kazi. Zinki ya zamani ambayo haijalika hata kidogo ndiyo ya kuogopa, ina maana haikushika vizuri kwenye alumini.

ZUWENA: Mimi la kwangu ni watu. Tutapakia wangapi? Khamis ulisema wageni ishirini.

MJOMBA MAKAME: Tupige hesabu. Pipa la kipenyo cha inchi 25 na urefu wa futi 22 likizamishwa lote hubeba tani 2 na kidogo. Pantoni iliyopakiwa kwa akili haizami zaidi ya nusu ya pipa, kwa hiyo tani 1 kila pipa. Mapipa mawili, tani 2. Boti yenyewe na mashine na petroli ni kama tani 1. Inabaki tani 1 ya watu. Mtu mmoja mhesabu kilo 75, mnapata kumi na mbili, kumi na tatu, na nahodha yumo humo. Ishirini kwenye ile ya Mkokotoni hawapandi.

KHAMIS: Na ya Fumba?

MJOMBA MAKAME: Mapipa matatu ya futi 24, nusu yake ni tani 3 na zaidi. Ondoa tani 1 na nusu ya chombo, maana ni kizito zaidi. Inabaki kama tani 2. Ishirini wanaingia, lakini mtapakia kumi na sita. Na bamba la uwezo lililopigwa na kiwanda likisema pungufu ya hapo, bamba ndilo linalofuatwa. Mamlaka ya Usafiri Baharini nao watakagua kabla hamjapakia mgeni hata mmoja. Jaketi okozi kwa kila kichwa, na za watoto mbali.

KHAMIS: Insha Allah. Na kuna jambo jengine. Wageni wengi wanaulizia kisiwa cha Mnemba, kule nje. Kwa mapipa matatu si tunaweza kwenda?

MJOMBA MAKAME: Hapana.

MJOMBA MAKAME: Khamis nisikilize vizuri. Pantoni ni chombo cha maji yaliyotulia. Mbele yake ni bapa, haina omo ya kupasua wimbi. Wimbi la nje ya mwamba likiipanda sakafu, maji yanakaa juu na watu wanakimbilia upande mmoja. Mnaikumbuka MV Skagit, meli ya abiria iliyozama tarehe 18 Julai 2012, karibu na Chumbe. Kabla ya kuletwa huku ilikuwa ikivusha watu Puget Sound, jimbo la Washington kule Marekani, maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Julai yetu ni upepo wa kusi, bahari imechafuka. Sisemi sababu ilikuwa moja. Nasema chombo kiulizwe kwanza kimeundwa kwa maji gani. Boti hii kazi yake ni Ghuba ya Chwaka, kutoka Michamvi Kae kwenda kwenye mikoko na kurudi jua likizama. Mgeni wa Mnemba mpe mwenye boti ya faiba.

MAMA: Hilo nalitia muhuri mie. Ikitoka nje ya mwamba, pesa yangu irudi.

KHAMIS: Haitoki mama. Nimeahidi mbele ya wote.

MWAJUMA: Na ghuba si hukauka? Maji yakipwa pale watu wanatembea hadi kwenye mwani.

KHAMIS: Ndo uzuri wa pantoni, inapita pasipo na kina. Bamvua, siku za maji makubwa, maji hujaa kama saa kumi alasiri, kwa hiyo jua likizama bado tuna maji ya kurudia. Tukichelewa ndo tunakwama.

ZUWENA: Mashine je? Hiyo 40 ya tustroki itasukuma mapipa matatu na watu kumi na sita?

SALUM: Itasukuma polepole, dada. Kwa mikoko na jua la magharibi sioni shida, ila mkondo wa bamvua ukiwa mbele yake itakuwa inanung'unika. Mtaibadilisha msimu wa pili. Kwa sasa upimwe mgandamizo wa kila silinda, zisipishane zaidi ya sehemu moja ya kumi. Na oili ya gia itolewe kidogo chini, ikiwa nyeupe kama maziwa ujue maji yameingia.

ZUWENA: Basi nasema hivi. Ya Fumba, mapipa yakifaulu, natoa milioni 26. Tano zinazobaki ni za sakafu, viti na lori la kuileta Chwaka kupitia Dunga. Kuizungusha kwa njia ya bahari mpaka Makunduchi hakuna.

MJOMBA MAKAME: Umesema kweli. Ishushwe Chwaka maji yamejaa, ivuke ghuba mpaka Kae.

MWAJUMA: Mie nimekubali. Ila viti nichague rangi mie.

KHAMIS: Mjomba, Jumamosi utaweza kuja Fumba?

MJOMBA MAKAME: Jumamosi ni bamvua, saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa. Mwambie mzee aiache ikae kavu juu ya mchanga tuikague chini. Tutatia upepo kwa kila kizibo, pauni 2 au 3 tu, ukizidisha unafungua mishono, halafu tunapaka povu tuone wapi panatoa mapovu. Alasiri maji yakijaa tutaona inavyokaa na tutaiwasha mashine. Pesa isitoke kabla ya hapo.

KHAMIS: Nitakupitia saa mbili.

MJOMBA MAKAME: Njoo na sabuni ya unga, ndoo, pampu ya baiskeli na kile kipimo cha upepo cha fundi wa matairi.