Kutambua kebo za redio ya ndege kwa kidole: mafundo ya uzi, pete za mpira au tai za plastiki?

mkono_gizani: Wakuu, nafunga redio mbili za VHF na transponda (kifaa kinachojibu rada) kwenye ndege ndogo, niko chali chini ya dashibodi, mkono umezama mpaka kiwiko na jicho halifiki. Kebo za antena zote ni aina ya RG-400, unene uleule wa kama milimita 5, ganda lilelile la utelezi. Lebo zipo ila sizioni. Nataka alama ya kushika: moja redio ya kwanza, mbili ya pili, tatu transponda. Kipi bora?

uzi_wa_nta: Mimi ni mafundo tu. Uzi wa nta haukwaruzi na unaweza kuufunga hata kama plagi ishawekwa. Shida yake uzi huohuo ndio tunafungia bando zima, sasa kidole kinachanganya, kwa hiyo alama zangu naziweka karibu kabisa na plagi ambapo kebo imeshaachana na wenzake.

pete3: Pete za mpira wa kusinyaa kwa joto, sibadilishi. Vipande vya nusu sentimita, katikati acha nafasi ncha ya kidole itue, maana zikigusana unahesabu mbili kama moja. Ila visha KABLA ya kubana plagi ya BNC (ile ya ncha ya kebo)!! mimi nilishasahau mara mbili nikakata plagi nzima nikaanza upya, inauma sana. Na kama kuna RG-58 ya zamani nenda taratibu na joto, RG-400 inavumilia mpaka nyuzi 200 lakini hiyo nyingine plastiki ya ndani inalainika na kiini (waya wa katikati) kinahama.

mkono_gizani: Na tai za plastiki je? ndo ninazo nyingi

pete3: Hapana mkuu. Ukikaza inaminya kebo, umbali wa kiini na wavu (waya uliosukwa unaokizunguka) unabadilika, zile ohm 50 ambazo kebo inatakiwa iwe nazo kwa mawimbi ya redio zinaharibika hapohapo, na transponda inajibu kwenye 1090 MHz kwa hiyo inaumia kuliko VHF ya 118 mpaka 137. Halafu mkia uliokatwa vibaya unachana mkono kama wembe.

kiini_kigumu: Nyingine hazihitaji alama. RG-142 unene ni uleule wa RG-400 ila kiini chake ni waya mmoja mzima, ukipinda kidogo unasikia inakataa. Na plagi za hedseti, ya maiki ni nyembamba kuliko ya kusikilizia, hapo hukosei.

Ila jamani kidole kinatafuta tu, mita ya umeme ndio inathibitisha. Chomoa kebo pande zote mbili, gusanisha kiini na wavu upande mmoja, sikiliza mlio upande wa pili. Ukiacha antena imechomekwa utadanganyika, zipo antena ambazo ndani zimeungwa na bodi ya ndege na zinalia vilevile.

mkono_gizani: Hilo la antena lingenipoteza siku nzima, shukrani. Basi pete, ila redio ya pili plagi nishaibana tayari, hiyo itapata mafundo mawili.

uzi_wa_nta: Sawa, weka na upande wa antena pia.