DNA imempa mtoto wa Kirangi "31% Ethiopia na Somalia". Tusomeje haya majibu?

Kolo_Juu:
Heshima kwenu wakuu. Mdogo wetu aliyeko Kanada amepima DNA ya asili. Baba ni Mrangi wa Kondoa, mama Mgogo wa Bahi. Majibu: 61% Wabantu wa Mashariki, 31% Ethiopia na Somalia, 5% wawindaji wa Afrika, 3% Mashariki ya Kati. Nyumbani maneno yameanza: wapo wanaosema si Mrangi kamili, wengine wanadai ukoo una damu ya Mwarabu wa misafara. Hizo asilimia zinasema nini hasa? Na sisi tulio Dodoma tunaweza kupimwa wapi ili tulinganishe?

Vinasaba_Dom:
Mkuu, hakuna kipande cha DNA kinachoitwa Urangi wala Ugogo. Maabara husoma alama kama laki sita au saba hivi, kisha huangalia kila kipande kinafanana zaidi na watu gani waliomo kwenye orodha yake ya ulinganisho. Kama orodha haina Mburunge wala Mualagwa, kipande cha asili hiyo kitapelekwa kwa anayekaribiana naye aliyemo, yaani Msomali au Mwethiopia. Jina la nchi unaloliona ni la yule aliyepimwa kabla. Babu yako si lazima awe ametoka huko.

Tena Kondoa na Chemba ni mahali pa pekee. Kirangi na Kigogo ni Kibantu, Kiburunge na Kialagwa ni Kikushi (kundi moja la lugha na Kisomali), Kitaturu ni Kiniloti, halafu kuna Kisandawe chenye vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi. Watu hawa wameoana na kuachiana mifugo kwa karne nyingi. Kwa mtu wa huko, 31% ya Kikushi ni jambo la kutegemewa kabisa.

Kuhusu Mwarabu: pale Luxmanda, wilaya ya Babati, walichimbua mifupa ya mtu wa jamii ya wafugaji aliyeishi miaka kama 3,100 iliyopita. Utafiti uliotoka 2017 ulikuta kama 38% ya asili yake inafanana na wakulima wa kale wa pande za Palestina na Jordan. Damu hiyo ilishuka na ng'ombe kupitia kaskazini, zamani sana kabla ya misafara ya pembe. Kwa hiyo 3% ya Mashariki ya Kati haimthibitishi Mwarabu yeyote. Inaweza hata kuwa kosa la hesabu, maana sehemu ndogo za chini ya 5% hupanda, hushuka au hupotea kila kampuni inaposasisha orodha yake.

Mezani_Maabara:
Nijibu la wapi. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima uhusiano: nani baba wa mtoto, mwili huu ni wa nani. Huko husomwa alama chache, kama ishirini hivi, ambazo hazisemi kabila. Na hauendi mwenyewe dirishani. Ombi hupitia mahakama, polisi, wakili au ustawi wa jamii. Sampuli za binadamu zinasimamiwa na Sheria ya Vinasaba ya 2009, kwa hiyo usifunge mate kwenye bahasha kuyapeleka nje kabla ya kuulizia kibali ofisini kwao.

Kwenye kutema mate ndipo wengi wanapoharibu. Dakika 30 kabla: hakuna chakula, maji, sigara, ugoro wala bazoka. Mate yafike mstari wa kichupa (mara nyingi mililita 2) bila kuhesabu povu. Povu likishuka unakuta umetoa nusu. Kimiminika cha kuhifadhi kilicho kwenye kifuniko lazima kishuke chote na kichanganywe, la sivyo bakteria hula DNA njiani na majibu hayatoki.

Kolo_Juu:
Shukrani sana. Je, tukipima mstari wa baba peke yake, ukoo hautajulikana?

Vinasaba_Dom:
Kromosomu Y, ile mtoto wa kiume anayorithi kwa baba, huonyesha baba wa baba wa baba tu. Ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu, na Y inazungumzia mmoja. DNA ya mstari wa mama nayo humzungumzia mmoja tu. Mrangi halisi anaweza kubeba mstari wa mama wa Kisandawe, na ukoo wake haubadiliki, kwa sababu ukoo ni jina, mahari, makaburi na waliomlea.

Mkipata nafasi, mpimeni bibi au babu aliye hai kabla ya vijana. Kila kizazi hupokea nusu, na si nusu ileile: ndugu wa tumbo moja anaweza kupata 26%, mwenzake 34%. Wakati huohuo andikeni majina ya mababu wanane, kijiji cha kila mmoja na lugha aliyozungumza nyumbani. Bila karatasi hiyo asilimia hazina pa kushikia.

Mezani_Maabara:
Na kabla ya kutema, waulizeni baba na mama wote wawili. Orodha ya "jamaa zako" inayotolewa na kampuni huweza kumfichua mtoto wa nje ambaye familia haikumtaja, na hapo hakuna kitufe cha kurudisha siri. Data nayo huvuja: 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima DNA ya asili, ilidukuliwa 2023, taarifa za watu kama milioni 6.9 zikaguswa, na Machi 2025 ikaomba kinga ya kufilisika. Mdogo wenu apakue faili lake ghafi (lenye alama zilizosomwa), kisha aamue kama akaunti ibaki au ifutwe.