Naomba ushauri: darasa la wanafunzi 70, nawashirikishaje wote?

Assalaam alaykum walimu wenzangu. Nasomesha sayansi kidato cha pili huku Wete, Pemba. Nikiuliza suali, mikono inayonyooshwa ni ile ile minne ya mbele. Wengine kimya, hasa wasichana wa nyuma, na najua wanajua, maana madaftari yao yanasema.

Nimejaribu njia ya Frank Lyman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, ya mwaka 1981: mtoto afikiri peke yake, azungumze na jirani yake, ndipo waliambie darasa zima. Imenisaidia sana. Tena nikiwaacha waanze kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza cha kitabuni, darasa linachangamka utadhani mnada wa samaki.

Iliyonishinda ni njia ya Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyoianzisha Texas mwaka 1971. Kila mmoja kundini anapewa kipande cha somo, anakisoma pamoja na wenye kipande hicho hicho kutoka makundi mengine, halafu anarudi kuwasomesha wenzake. Niliitumia kwenye mmeng'enyo wa chakula. Dakika 40 zikaisha watoto bado wanahama madawati.

Mwenye darasa kubwa, unawapangaje? Njia hii ya vipande unaigawa kwa siku mbili? Na wenye haya mnawafanyaje wazungumze bila kuwatahayarisha? Nafikiria vikaratasi vya majibu visivyo na majina, nivisome mimi.

Sina projekta, nina ubao, chaki na maboksi ya kukata kadi. Roho inaniuma mtoto akimaliza wiki nzima hajafungua mdomo. Nisaidieni, mitihani bado iko mbali kidogo.