Naomba ushauri: kupata taarifa za matibabu ya mama kwa njia ya mtandao

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Mama yangu anaishi Nansio, Ukerewe. Ana sukari na presha, na kliniki anahudhuria hospitali moja binafsi hapa Mwanza mjini. Daktari anaingiza kila kitu kwenye kompyuta, majibu ya maabara humo humo, ila sisi tunatoka na karatasi ya dawa tu. Sasa dada anataka kumpeleka Dar kwa daktari wa figo, na kule wameomba vipimo vya nyuma. Kila karatasi ikihitajika mtu apande kivuko kweli?

Nimeuliza mapokezi kama mgonjwa anaweza kufungua faili lake kwa simu, nikaambiwa mfumo ni wa wafanyakazi. Daktari, muungwana kwa kweli, alinitumia picha ya majibu ya kreatinini (kipimo cha figo) kwa WhatsApp, lakini historia nzima alisema si yeye wa kuitoa. Masjala wao wanasema faili ni mali ya hospitali. Hapo ndipo nilipokwama, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake.

Barua ya kuomba nakala ya kielektroniki niielekeze kwa nani, mganga mfawidhi au masjala? Na sahihi ya mama inatosha mimi kuipokea kwa barua pepe?

Pia, kuna hospitali hapa Mwanza ambako mgonjwa anaingia mwenyewe mtandaoni na kuona majibu yake? Zile za "tutakutumia WhatsApp" nazijua.