Naomba ushauri: Mama ana kisukari, amepunguza wanga, sasa sukari inashuka mno
Habari zenu wadau. Mama yangu ana kisukari aina ya 2, umri miaka 58, kilo 94, yuko Morogoro. Anatumia vidonge vya kushusha sukari, metformin na glibenclamide. Asubuhi kabla ya kula sukari ilikuwa inacheza kwenye 9 hadi 11 (kipimo cha mmol/L), daktari akamwambia apunguze uzito na vyakula vya wanga.

Ugali na wali amepunguza kweli, na sukari imeshuka. Ila siku hizi ikifika saa tano asubuhi anatetemeka, jasho linamtoka. Jana tumepima tukakuta 3.6. Tukampa maji ya sukari, akatulia. Ninavyofahamu, metformin peke yake si rahisi kuishusha hivyo, lakini glibenclamide inasukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala wanga wa kutosha. Kesho nampeleka kliniki, dozi hatuigusi wenyewe. Waliopitia hili, daktari aliwapunguzia dozi au alibadilisha dawa kabisa? Nimuulize nini hasa?

Halafu chakula. Matembele, dagaa, mayai, parachichi anakula vizuri, ila usiku njaa inamuuma. Maharage mnayahesabu kama wanga au mboga? Na dona (wengi wanasema ni salama, mimi naona wanga ni uleule, nyuzinyuzi tu ndizo zimeongezeka) mnapima kiasi gani, ngumi moja?

Dawa za kienyeji za "kuponya kabisa" naomba msinitajie, majirani wameshatuuzia za kutosha.